Mnunuzi wa Mbali: Wanumidia, Waata na Ndovu wa Kwale



Kanga anayeparua udongo kule Shimba Hills ana jina la kisayansi linaloanza na Numida. Warumi walimpata Afrika Kaskazini, na Columella, mwandishi wao wa mambo ya kilimo, alisema kwamba wengi walimwita kuku wa Numidia. Ndege huyu ndiye kisingizio changu cha kuwatoa Kwale jioni hii na kuwafikisha Algeria.

Numidia ilikuwa nchi ya wapanda farasi. Mashariki yao walikuwepo watu wa Carthage, magharibi Wamauri, kusini Wagaetuli wa ukingoni mwa jangwa. Mwaka 202 K.K., kwenye vita vya Zama, farasi wa mfalme Masinissa ndio waliomsaidia Mrumi kumvunja Hannibal, jemadari wa Carthage. Waandishi wa Roma waliwastaajabia vijana hao waliopanda bila hatamu, wakawasimulia kana kwamba nao ni sehemu ya wanyama wa nchi yao. Na wanyama walikuwepo: simba, chui, dubu, ndovu. Leo ndovu na dubu wa huko hawapo tena, na simba hali kadhalika.

Nani aliwamaliza? Kidole huelekezwa haraka kwa mwindaji. Mimi namtazama mnunuzi. Mwaka 169 K.K. mjini Roma, michezo ya siku chache tu ilionyesha chui 63 wa Afrika, pamoja na dubu na ndovu. Baraza la Seneti liliwahi kupiga marufuku kuingiza wanyama wa Afrika nchini Italia. Marufuku hiyo ikalegezwa kwa ajili ya michezo, maana mwanasiasa anayetafuta kura hakubali kunyimwa chui. Mashamba ya ngano nayo yalikula misitu. Kufikia karne ya 1 B.K., Plinius, mwandishi wa Kirumi, analalamika kwamba pembe kubwa hazipatikani ila kutoka India, kwa kuwa anasa imezimaliza nyingine zote.

Karne hiyohiyo, mfanyabiashara wa Kigiriki aishiye Misri anaandika mwongozo wa safari za bahari yetu. Pwani hii anaiita Azania. Anataja pembe za ndovu kwa wingi, ingawa anaona zile za bandari ya Adulis ni bora zaidi, na vipusa, na magamba ya ng'amba. Mitepe iliyoshonwa kwa kamba anaitaja pia. Wenyeji walioleta bidhaa hizo walipewa mikuki iliyofuliwa Muza, Uarabuni, mahsusi kwa soko hili, na shoka na visu na shanga za kioo. Yaani kaskazini pembe zinaadimika, na kusini meli zinazitafuta. Katika karne hizo za mwanzo watu wa vilima vyetu walikuwa tayari wakulima na wahunzi; vyungu vyao, alivyovifukua mwanaakiolojia Robert Soper miaka ya 1960, vinajulikana kwa wanaakiolojia wa Afrika Mashariki nzima kwa jina la Kwale.

Wanumidia wetu, kwa maana ya watu waliosimuliwa pamoja na wanyama, ni Waata, ambao majirani huwaita Wasanye au Walangulo. Uta mrefu, mshale wenye sumu, na ujuzi wa kumkaribia ndovu hatua kwa hatua. Waliishi kwa kubadilishana na Wamijikenda, na pembe zikashuka pwani mkono kwa mkono. Ndovu hawakwisha. Kisha karne ya 19 wakaja wanunuzi wa London na wa viwanda vya Connecticut, waliotaka vitufe vya biliadi na vibonye vya piano, na bei ikapanda.

Mwaka 1956 na 1957 serikali ya kikoloni iliendesha operesheni Tsavo dhidi ya wawindaji; Waata wengi wakafungwa jela. Mnunuzi hakufungwa. Baada ya uta kunyang'anywa zikaja bunduki, na miaka ya 1970 na 1980 ndovu walichinjwa kwa kiwango ambacho uta haukuwahi kukifikia, mpaka biashara ya kimataifa ya pembe ilipopigwa marufuku mwaka 1989.

Shimba Hills, hifadhi tangu 1968 na makao ya mwisho ya palahala nchini Kenya, ikabaki na tatizo la kinyume: ndovu wengi katika eneo dogo, na mahindi ya watu jirani. Mwaka 2005 ndovu 150 walihamishiwa Tsavo Mashariki. Wengine walirudi kwa miguu.

Kabla ya hapo, mwaka 1995, Wadigo na Waduruma wenye ardhi Mwaluganje, kando ya hifadhi hiyo, waliunganisha mashamba yao yawe njia na malisho ya ndovu, wakagawana viingilio vya wageni. Nauheshimu sana uamuzi ule. Lakini mgao wa mkulima wa Mwaluganje hutegemea mtalii aliyelala hoteli ya Diani, na mtalii huyo akiahirisha safari, ndovu bado wanahitaji kula usiku huohuo. Mnunuzi amebadilika, sasa ananunua kumtazama ndovu akiwa hai, ila angali mbali vilevile. Swali ninalowaachia wachumi waliomo humu ni la hesabu: mkulima huyo alipwe na nani katika mwaka ambao wageni hawakuja?