Mtoto Aliyeacha Kukaa

Leo tuweke mbolea kando. Tuzungumze juu ya mtoto.

Mtoto kazaliwa salama. Ananyonya, anacheka. Mwezi wa saba anakaa mwenyewe. Kisha anapata homa, kama watoto wote. Homa inapoa, lakini mtoto hakai tena. Shingo imelegea, macho yanachezacheza, kumeza ni taabu. Watu wanaanza kunong'ona: karogwa huyo. Wengine wanasema ni ukoo wa mama yake. Sisi wenyewe tumewahi kukaa katika kikao cha namna hiyo. Mama alifungashiwa vitu vyake na sisi tunatazama.

Homa ya malaria na homa ya uti wa mgongo zaweza kumfanya mtoto hivyo. Kwa hiyo kwanza ni hospitali, siku ile ile, si baada ya kikao. Lakini upo na ugonjwa wa kurithi. Daktari Denis Leigh wa Uingereza aliueleza mwaka 1951, nao ukaitwa kwa jina lake. Ni wa nadra, kama mtoto 1 kati ya 40,000. Mara nyingi huonekana kabla ya miaka miwili.

Mwili umejengwa kwa chembe ndogo sana zisizoonekana kwa macho. Ndani ya chembe mna vijiko vidogo vya kupikia nguvu, vinaitwa mitokondria. Chakula ndizo kuni zake. Ubongo unataka nguvu nyingi kuliko ukubwa wake. Kwa mtu mzima ubongo ni kama sehemu 2 kwa 100 za uzito wa mwili, lakini hula kama sehemu 20 kwa 100 za nguvu. Vijiko vikiwa vibovu, mtoto huweza kujikokota hivyo hivyo mpaka homa ije. Homa inataka nguvu zaidi, nazo hakuna. Hapo ubongo unaumia, hasa sehemu za ndani zinazosimamia mwendo, kumeza na kupumua.

Sasa, urithi huo watoka wapi? Vijiko hivyo mtoto hupewa na mama. Mama aweza kuwa navyo vizuri na vibovu vimechanganyika, kama debe la mbegu. Chota kibaba hiki, mbegu njema ni nyingi. Chota kile, mbovu ndizo nyingi. Ndiyo maana mkubwa mzima, mdogo mgonjwa, na mama mwenyewe analima kama kawaida.

Lakini msikimbilie kumnyooshea kidole. Maagizo mengi ya kujenga vijiko hivyo hutoka kwa baba na mama pamoja. Wagonjwa wengi wa Leigh wamerithi kasoro kwa wazazi wote wawili, nao wazazi ni wazima kabisa. Yule mume aliyefukuza mke huenda naye alitoa nusu yake!

Dawa ya kuuponya haijapatikana. Ila yako magonjwa machache yanayofanana nao ambayo hutulia kwa vitamini, kwa hiyo kupimwa si kazi bure. Tena baadhi ya dawa za degedege huweza kumdhuru mtoto wa aina hii, kwa hiyo daktari lazima aambiwe mapema.

Kalamu mnazo, na kuandika mnajua. Chukueni karatasi. Andikeni mtoto alikaa mwezi gani, aliacha mwezi gani, alikuwa na homa au hapana, na kama yuko ndugu yake aliyefariki hivyo hivyo. Karatasi hiyo iwekwe ndani ya kadi ya kliniki. Mkifika, mpeni daktari kabla hajauliza.