Kibanda na gesti kodi moja! Gari la faya litatoka wapi?

Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotolewa kwa vijana wa wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara. Tunayachapa kama yalivyotolewa.



Leo sina habari ya nani kahamia chama gani. Nina habari ya moto. Moto hauulizi kadi. Ukiwaka sokoni unakula duka la mwana-CCM, unakula banda la mpinzani, na unamalizia kwa yule ambaye hata kura hajawahi kupiga.

Mura, hebu jiulize. Ni saa nane za usiku. Duka moja mjini Mugumu limepiga shoti na limeshika moto. Jirani yake anauza magodoro. Jirani wa jirani anauza petroli ya chupa kwa wenye bodaboda. Unapiga 114. Kutoka Musoma, makao makuu ya mkoa, hadi Mugumu ni zaidi ya kilomita 100. Hadi Tarime ni zaidi ya kilomita 70, na lazima uvuke Mto Mara pale Daraja la Kirumi. Dereva akiwa shujaa wa namna gani, atakuta majivu. Na hata pale gari linaposogezwa karibu, swali linabaki: lina maji? Lina mafuta? Mjini mna bomba la kulijazia likiishiwa?

Msidhani haya ni ya mikoani tu. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 Soko la Kariakoo liliungua, na Kariakoo iko pua na mdomo na kituo cha basi ambacho Wadar es Salaam wanakiita Fire, kwa sababu ya kituo cha zimamoto kilichopo hapo. Januari 2022 likafuata Soko la Karume. Kama jirani wa zimamoto anaungua, Mugumu itanusurikaje?

Tusiambiwe kwamba sisi tuko mbali mno kuhudumiwa. Serikali ilipochoshwa na wizi wa ng'ombe na mapigano ya koo ilitupatia mkoa mzima wa kipolisi, Tarime/Rorya. Kumbe wakubwa wakitaka, umbali unafupika.

VITU VIWILI VILIVYOONDOKA

Zamani zimamoto ilikuwa kazi ya miji yenyewe. Halmashauri ilitoza kodi ya majengo, na halmashauri hiyo hiyo ilikuwa na gari la kuzima moto. Mwenye nyumba akiunguliwa alijua mlango wa kugonga, na diwani alijua atakayemnyima kura.

Kisha ukaja mpango wa Madaraka Mikoani wa 1972, halmashauri zikavunjwa. Huduma za miji zikadorora hadi serikali ikalazimika kurudisha halmashauri za miji mwaka 1978. Sheria za serikali za mitaa zikatungwa 1982, na mwaka 1983 ikaja sheria ya ukadiriaji wa majengo ya mijini. Sheria ile ilikuwa na busara. Ilisema jengo likadiriwe kwa bei yake ya soko. Na kama bei haijulikani, kwa gharama ya kulijenga upya, ukitoa uchakavu. Daftari la uthamini liwe wazi kwa wananchi, na mwenye pingamizi asikilizwe.

Tatizo wathamini walikuwa wachache na gharama yao kubwa. Miji mingi ikaona njia ya mkato ni kutoza kiwango kimoja kwa wote.

Mwaka 2007 Bunge likapitisha Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, na kazi hiyo ikaelekezwa katika jeshi moja la taifa chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Sikatai kwamba jeshi moja lina faida yake, kwa mafunzo na kwa amri. Lakini mwaka 2016 ukusanyaji wa kodi ya majengo nao ukahamishiwa TRA. Mmeona? Gari liliondoka kwa mlango wa mbele, fedha ikaondoka kwa mlango wa nyuma. Diwani akabaki amekaa kwenye kiti, mikono mitupu. Ukimuuliza habari ya moto anakuonyesha Musoma, ukiuliza Musoma unaonyeshwa Dodoma.

KODI YA KICHWA YA NYUMBA

Mwaka 2021 kodi hiyo ikaingizwa kwenye LUKU. Nyumba ya kawaida ilikatwa shilingi 1,000 kwa mwezi, yaani 12,000 kwa mwaka. Mwaka 2023 ikapanda hadi 1,500 kwa mwezi, yaani 18,000 kwa mwaka, na kwa ghorofa ikafika 90,000.

Sasa sikiliza vizuri. Kwa hesabu hiyo, jengo lisilo na ghorofa ni "la kawaida". Kibanda cha vyumba viwili cha mjane ni cha kawaida. Gesti ya vyumba ishirini yenye uzio, jenereta na baa, mradi haina ghorofa, nayo ni ya kawaida. Hii haiingii akilini! Wazee wetu waliijua kodi ya kichwa, tajiri na kabwela kiwango kimoja, na asiyenacho anakimbizwa vichakani na mgambo. Ilirudi kwa jina la kodi ya maendeleo hadi ilipofutwa mwaka 2003. Tumeifuta kwenye kichwa, tumeipandisha kwenye paa.

Na anayelipa ni nani? Ni mwenye kununua umeme. Wewe mpangaji wa chumba kimoja ndiye unayeingiza tokeni, ndiye unayekatwa. Kodi ya jengo kwa haki ni ya mwenye jengo, maana jengo likipanda thamani wewe hupati hata senti. Tuliambiwa mpangaji akaelewane na baba mwenye nyumba. Mwenye nyumba gani Tarime anaelewana na mpangaji kuhusu fedha?

Tupige hesabu ya mfano. Chukua mji wenye nyumba duni 1,000, kila moja ya thamani ya shilingi milioni 10, na majengo makubwa 100, kila moja ya milioni 300. Ukitoza 18,000 kwa kila jengo, unapata shilingi 19,800,000. Ukitoza shilingi moja na nusu kwa kila 1,000 ya thamani, nyumba duni italipa 15,000, pungufu ya sasa. Jengo kubwa litalipa 450,000. Jumla ni shilingi milioni 60, mara tatu ya mwanzo, na mnyonge amepunguziwa.

Milioni 60 hazinunui gari jipya la zimamoto; hilo ni mamia ya mamilioni. Lakini zinaweka matangi ya maji na mabomba ya kujazia sokoni, zinanunua mashine ya kuvuta maji, zinafundisha vijana wa kila mtaa. Mwaka baada ya mwaka, gari nalo linafikika.

LONDON WALIFANYAJE?

Mji wa London uliteketea mwaka 1666. Baada ya hapo kampuni za bima zikaanzisha vikosi vyao vya kuzima moto, na mwaka 1833 zikaviunganisha. Mwaka 1861 maghala ya Tooley Street yakaungua hadi mkuu wa kikosi, James Braidwood, akafa. Kampuni za bima zikasema mzigo umewashinda.

Sheria ya 1865 ikagawa mzigo kwa watatu. Wenye majengo walitozwa hadi nusu peni kwa kila pauni ya makadirio ya jengo. Kampuni za bima zililipa pauni 35 kwa kila pauni milioni walizokatia bima. Serikali kuu ikatoa pauni 10,000 kwa mwaka. Kwa maneno mengine, mwenye kikubwa cha kuungua alichangia kikubwa cha kuzimia. Hapo ndipo penye haki, na hapahitaji shahada kupaelewa.

WATASEMA HAIWEZEKANI

Watasema wathamini hawapo. Freetown, Sierra Leone, kuanzia mwaka 2020 walitumia picha za satelaiti kuhesabu majengo, wakatoa pointi kwa vitu vinavyoonekana kwa macho: ukubwa, kuta, paa, mahali lilipo. Wenye nyumba duni wakashushiwa bili, wenye majumba wakapandishiwa. Kijana wa kidato cha nne wa Sirari, akifundishwa na kusimamiwa, anashindwa kutofautisha bati kuukuu na vigae?

Watasema kodi ya pango itapanda. Mpangaji, wewe unalipa tangu ilipoingia LUKU! Chini ya mpango wa haki chumba chako katika nyumba duni kingebeba kidogo zaidi.

Watasema hakuna anayefanya hivyo hapa kwetu. Wavuke mpaka pale Isebania. Katiba ya Kenya ya 2010 imeipa kaunti kodi ya majengo na imeipa pia kazi ya kuzima moto, vyote viwili mkono mmoja. Sisemi Kenya ni peponi. Nairobi yenyewe ilikaa na daftari la uthamini la mwaka 1980 kwa takriban miaka 40, na daftari lililozeeka hivyo ni ubabaishaji. Lakini mwananchi wa Migori anamjua wa kumuuliza.

TUDAI NINI?

Kwanza, kila jengo likadiriwe kwa thamani, na orodha ibandikwe hadharani: gesti za Mugumu, hoteli na kambi za watalii wilayani Serengeti, vituo vya mafuta, maghala ya Sirari, majengo ya mgodi wa North Mara pale Nyamongo. Kama kuna aliyesamehewa, tuandikiwe jina la sheria iliyomsamehe.

Pili, sehemu ya fedha hiyo itengwe kisheria kwa ajili ya moto na ibaki wilayani ilikokusanywa. Hili ni la wabunge wetu, wa chama chochote. Tuwabane nalo.

Tatu, kodi ya jengo imfuate mwenye jengo, iache mita ya mpangaji.

Vikao vya baraza la madiwani viko wazi kwa wananchi. Nendeni mkakae. Muulizeni mkurugenzi maswali mawili tu: kodi ya majengo ya wilaya hii mwaka jana ilikuwa shilingi ngapi, na ngapi zilirudi? Akitaja tarakimu, ziandikeni. Akizunguka, andikeni kwamba amezunguka, kisha mrudi kikao kijacho na swali hilo hilo. Msiende na mawe wala mapanga. Nendeni na daftari.