Kurudia KCSE Hapa Mpakani: Ni Mlango Gani Uliofungwa?

Mada iliyotolewa kwa wazazi, walimu na vijana waliomaliza kidato cha nne, Busia, Februari 2025



Matokeo ya KCSE ya 2024 yalitangazwa tarehe 9 Januari. Watahiniwa walikuwa 962,512, na waliopata C+ kwenda juu ni 246,391. Takriban watatu katika kila wanne, basi, walibaki chini ya alama inayofungua mlango wa shahada. Mwanao aliyepata C au D+ hakuleta nyumbani jambo geni. Nalitanguliza hili kwa sababu maamuzi mabaya ya kurudia mtihani hufanywa katika siku zile za kwanza, na anayeyafanya huwa ni aibu. Jirani anauliza sokoni, "Mtoto alipata ngapi?", na jioni yake kijana anaambiwa afunge sanduku arudi shuleni. Hakuna aliyemuuliza anataka kusomea nini.

Ombi langu leo ni kwamba swali la kurudia lianzie kwenye kazi au kozi ambayo kijana anaitaka. Tukishaijua, tutaona kama matokeo aliyonayo yanamzuia, na kama yanamzuia, ni somo gani hasa linalomzuia.

Tuanze na hesabu ambayo wengi hawaifanyi. Kila gredi ina pointi: A ni 12, B ni 9, C ni 6, D ni 3, E ni 1. Wastani hutokana na masomo saba, na jumla ya juu kabisa ni 84. C+ huanzia pointi 46. C huanzia 39 hadi 45. Wanafunzi wawili wanaweza kwenda nyumbani na C iliyo sawa kwenye karatasi, kumbe mmoja ana pointi 45 na mwenzake 39. Wa kwanza anahitaji pointi moja tu: kupandisha D ya hisabati iwe D+ kunatosha. Wa pili anahitaji kupanda katika masomo saba kwa pamoja, au kuruka sana katika matatu. Hawa wawili hawawezi kupewa ushauri mmoja. Karatasi ya matokeo haiandiki jumla hiyo, lakini kila mmoja aliyeketi hapa anaweza kuipata kwa kalamu.

Kuna kundi ambalo ningelitafuta nyumba kwa nyumba kama ningeweza: waliofanya mtihani kabla ya 2023. Tangu mwaka huo, wastani unahesabiwa kwa hisabati, lugha moja iliyo bora, na masomo mengine matano ambayo mtahiniwa amefanya vizuri zaidi. Zamani Kiingereza, Kiswahili, hisabati na sayansi mbili zote ziliingia kwa lazima. Chukueni mfano wa msichana mwenye hisabati D, Kiingereza C, Kiswahili B-, biolojia C, kemia D+, dini B, historia B- na biashara B-. Kwa hesabu ya zamani alikuwa na pointi 44, yaani C. Kwa hesabu ya sasa, gredi zile zile, bila kuongeza hata moja, zinampa 48, yaani C+. Cheti cha zamani hakibadilishwi. Lazima aketi upya. Lakini mtu wa namna hii, hata kama ana miaka ishirini na mitano na watoto wawili, na anauza nguo sokoni, ana sababu nzito ya kurudia kuliko wengi waliotoka shuleni Novemba iliyopita.

Sasa upande wa pili. Kozi nyingi hazitazami wastani peke yake. Anayetaka uuguzi kwa diploma hutazamwa biolojia na lugha. Anayetaka kufundisha sekondari, tume ya walimu, TSC, humtaka awe na C+ ya wastani na C+ katika masomo mawili atakayofundisha. Nimewaona vijana wenye C+ ya wastani ambao wanahitaji kurudia zaidi kuliko wenzao wenye C, kwa kuwa somo la kozi waliyoililia ndilo lililoanguka. Na nimewaona waliolazimishwa kurudia ilhali diploma waliyoitaka inapokea C-, na cheti cha ufundi kinapokea D. Kijana mwenye C- anayependa umeme hana deni na mtihani wowote. Taasisi ya kiufundi ya Bumbe iko katika kaunti hii hii, na kwa Kenya nzima vyuo anuwai vinampokea hata aliyepata E kwa mafunzo ya fundi stadi. Kumwambia huyo apoteze mwaka mzima ili tu jina la familia litakate ni kumwonea.

Jambo ambalo wazazi husahau: wastani hutokana na mtihani wa mwaka mmoja. Anayerudia kwa ajili ya wastani huweka mezani masomo yote saba, na B ya historia ya mwaka jana haibebwi. Nimeshuhudia hisabati ikipanda huku Kiswahili kikishuka, jumla ikabaki pale pale.

Kwa hiyo kabla ya kulipa karo nyingine, tuulizane kwa nini alama zilianguka. Hapa ndipo mpaka wetu na Uganda unapojitokeza. Mji wa Malaba haukosi kazi ya siku: foleni ya malori inahitaji wapakiaji na wapakuzi, wabadilishaji pesa wanahitaji wasaidizi, pikipiki haipumziki. Kijana akiniambia, "Mwalimu, nitajisajili kama mtahiniwa wa kibinafsi, nisome usiku, mchana niendeshe boda boda," sicheki wala simkatai. Namwuliza vitu viwili. Maabara utaipata wapi, maana kemia na biolojia zina mtihani wa vitendo? Na wiki ya soko ikichangamka, utakuwa na nguvu gani ya kufungua kitabu saa tatu usiku? Asipokuwa na jibu, mwaka wa pili utafanana na wa kwanza. Kama alianguka kwa kufukuzwa karo kila muhula, na karo bado haipo, kurudia hakutatibu kitu. Kama alianguka kwa malaria au msiba wiki ya mtihani, kurudia kuna maana kamili.

Na kuna mabinti. Wapo waliofanya mtihani wakiwa wajawazito, au wakiwa wamejifungua karibuni. Gredi ile haisemi lolote kuhusu uwezo wao. Mwongozo wa Wizara ya Elimu wa mwaka 2020 unawaruhusu warudi shuleni, na mkuu wa shule hana ruhusa ya kuwafungia lango. Nawaombeni, wazazi, tukiwa na pesa ya kumrudisha shuleni mtoto mmoja tu, tusimpe kaka moja kwa moja kwa sababu dada "ameshazaa". Tutazame karatasi zote mbili. Linaniuma kwa kuwa naliona kila mwaka.

Kisha liko lile ambalo wenzetu wa Nairobi hawana karibu hivi: Uganda. Familia nyingi hapa, hasa za Wateso na Wasamia, zina mjomba au shangazi ng'ambo. Tangu 2014 kitambulisho cha taifa kinatosha kuvuka. Kijana mwenye C anaweza kuingia kidato cha tano, yaani S5, kule Tororo au Mbale, afanye mtihani wa kidato cha sita, UACE, baada ya miaka miwili, kisha aingie chuo kikuu. Wengi huiona njia hiyo kuwa ndefu. Pigeni hesabu: kurudia ni mwaka mmoja, na shahada nyingi Kenya ni miaka minne; S5 na S6 ni miaka miwili, na shahada nyingi Uganda ni mitatu. Zote zinafika mitano.

Tofauti iko kwingine. Cheti cha KCSE lazima baraza la mitihani la Uganda, UNEB, likilinganishe na vyeti vya kwao kabla ya kuingia S5, na ukirudi, shahada yako itapitia utaratibu wa kutambua vyeti vya nje. Huku Kenya, KUCCPS hugawa nafasi za vyuo kwa matokeo ya KCSE, na ufadhili wa serikali umefungamanishwa na nafasi hiyo. Mwenye UACE kwa kawaida hujilipia. Kusoma kule pia si kurudia yale yale. Mwanafunzi hubaki na masomo makuu matatu na kuyachimba. Kijana ambaye hisabati ilimzamisha lakini anapenda historia na fasihi huchanua huko. Aliyeanguka kwa kutosoma ataanguka tena, na kwa shilingi za nchi mbili.

Muda nao unatubana. Watoto walioingia kidato cha kwanza Januari 2024 ndio wa mwisho wa 8-4-4, na watafanya KCSE mwaka 2027. Baada yao wanakuja wa mtaala wa umilisi, walioanza gredi ya kumi mwaka 2026. Anayekusudia kurudia asijiambie atarudia "siku moja": darasa la mwisho hufanya mtihani 2027, na walimu na vitabu vya mtaala huu vitapungua kadiri madarasa yanavyomalizika. Usajili hufungwa mapema katika mwaka kuliko watu wanavyodhani, na anayerudia hujilipia ada ya mtihani. Serikali humlipia anayefanya kwa mara ya kwanza.

Na mwenye shaka kwamba amesahihishwa vibaya asikimbilie kurudia. Aombe kwanza baraza la mitihani la Kenya, KNEC, lisahihishe upya, kupitia kwa mkuu wa shule, na asichelewe.

Nimeweka meza tatu kule nyuma, kila moja na mwalimu. Baada ya chai, kila kijana aje na karatasi yake na jina la kozi moja anayoitaka. Ajumlishe pointi zake mwenyewe, kwa mkono wake. Mzazi akae kando yake asikilize, na asiseme neno mpaka mtoto amalize kueleza.