Kazi ya Melini na Vijana Wetu wa Kakamega
(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Tumeombwa na Halmashauri tuseme machache juu ya vijana wanaosomea ubaharia. Labda mtu atauliza, watu wa reli na meli wapi na wapi? Lakini reli na meli ni ndugu. SS William Mackinnon iliteremshwa majini Kisumu mwaka 1900, na reli ikafika pale mwaka 1901, yaani meli ilitutangulia. Hata MV Uhuru, iliyojengwa miaka ya 1960 ipate kuvusha mabehewa ziwani, ni mali ya shirika la reli.

Sasa shida yenyewe. Mwanachama mwenzetu wa upande wa Butere aliuza ng'ombe wawili na kipande cha shamba, akampa wakala fulani fedha zote, naye akaahidi kwamba kijana atapanda meli baada ya miezi mitatu. Kijana amemaliza chuo na vyeti anavyo. Mpaka leo yuko nyumbani anachunga ng'ombe wa jirani, na wakala hashiki simu.

Ndugu, yafaa tujue jinsi kazi hii inavyokwenda. Chuo kiko Mombasa. Kilianzishwa na mamlaka ya bandari mwaka 1980 kikiitwa Bandari College, na tangu 2018 chaitwa Bandari Maritime Academy. Viko na vyuo vingine vifundishavyo mambo ya meli, kama chuo kikuu cha Juja upande wa mitambo. Kila aendaye melini, awe afisa au mpishi, hana budi kwanza kujifunza mambo manne: kuokoa maisha majini, kuzima moto, huduma ya kwanza, na usalama kazini pamoja na kuishi vema na wenzake. Kijana huruka majini kutoka juu akiwa amevaa jaketi la kujiokolea, kisha hulipindua chelezo la mpira lililolala kifudifudi. Watoto wetu waliozoea kuoga mto Isiukhu, maji ya magotini, hutetemeka siku ya kwanza. Lakini hujifunza, na hilo si jambo la kuwazuia.

Kinachowazuia ni meli. Atakaye kuwa afisa wa zamu yampasa atumike baharini miezi 12, ndani ya mafunzo yaliyokubaliwa. Asipofuata mafunzo hayo, ni miezi 36. Baharia wa kawaida wa zamu, miezi 6, au 2 ikiwa amepata mafunzo maalum. Na tusikie vizuri hapa: sheria ya mataifa huhesabu meli ya baharini tu. Meli iendayo ziwani peke yake haihesabiwi. Kwa hiyo anayempeleka mwanawe Kisumu akidhani miezi ile itamtosha kupata cheti cha bahari kuu, amedanganyika. Kazi ya ziwani ni kazi nzuri, ina mshahara wake, lakini ni njia nyingine.

Wengine hawaendi majini kabisa. Hupata kazi ya winchi, ya kuhesabu shehena, au katika ofisi za wakala wa meli. Na kijana aliyejifunza kuchomelea vyuma pale Sigalagala aweza kuajiriwa mahali meli zinapotengenezwa, bila kuuza hata kuku.

Sasa habari ya fedha. Kenya ilikubali Mapatano ya Kazi ya Mabaharia ya 2006 mwaka 2014. Mapatano hayo yanasema wakala asimtoze baharia senti yo yote kwa kumtafutia kazi. Baharia hulipia cheti cha daktari, kitabu chake cha ubaharia na pasipoti, basi. Hata viza ni juu ya mwenye meli. Tena baharia apumzike si chini ya saa 10 katika kila saa 24, na saa 77 kwa juma. (Sisi wa reli tungefurahi kuona saa hizo zikiandikwa ukutani kwetu pia.)

Kwa hiyo akija mtu na mkoba akitaka ada ya nafasi, tumwombe risiti yenye jina lake na jina la meli. Akikataa, mletee katibu habari zake kabla ya kuuza ng'ombe, si baada.

Lakini kuwafukuza matapeli hakutawapa vijana meli. Serikali husafirisha shehena nyingi kwa meli za wageni. Twaomba kila kampuni ipewayo kazi hiyo ilazimishwe kuchukua wanafunzi wetu wafanye miezi yao, na chakula na posho wapewe. Barua tumekwisha kuiandika, iko mezani kwa katibu. Wenye watoto chuoni, au waliomaliza na wako nyumbani, tafadhali watie majina yao kabla ya kuondoka leo.