Mara hii twende Kampala kama wageni
Maneno ya kamati ya safari mbele ya mkutano wa memba, Majengo, Goma

Mkutano uliopita mulituagiza tupange safari fupi ya kwenda kutembelea Kampala, kisha turudi mbele yenu na hesabu. Tumerudi. Tutaeleza wazo lilianza namna gani, tutaona nini kule, makuta yatatoka wapi, na nani anaweza kwenda. Kisha mutauliza.

Wazo halikutoka kwa kamati. Lilitoka kwa mama mmoja wetu, siku ile tulikuwa tunapanga magunia ya makala nyuma ya jengo la mkutano. Vijana walikuwa wanaongea juu ya Kampala, milima yake, misikiti, makanisa, majumba. Yeye akacheka, akasema: «Miye Kampala nayijua. Nililalaka pale parking masiku mbili na batoto, nikiangalia chini. Sikuonaka hata mulima moja.»

Tulinyamaza, juu wengi wetu tulijiona mule. Katika shirika hili tuko na watu waliokaa Nakivale, wengine Kyangwali, wengine Kyaka. Tulipita Kampala na vifurushi kichwani tukitafuta ofisi, tukiogopa askari, tukihesabu batoto. Mtu akituuliza habari za mji ule, tunaweza kumwambia bei ya maji ya chupa kwenye kituo cha bisi, basi. Ndipo vijana wakasema: kwa nini tusirudi mara moja, siku chache, tukiwa wageni kama wageni wengine, tuangalie mji wa watu waliotupokea, tuseme aksanti, turudi nyumbani?

Si wote walipenda. Mzee mmoja alisimama akatuuliza: «Mutoto wa jirani analala njaa, ninyi munaenda kuangalia kaburi la mwami wa benyewe?» Hatukuwa na jibu la haraka, na hatutaki kumcheka. Swali lake ndilo lililotengeneza mpango huu. Kwa sababu yake tuliweka masharti matatu. La kwanza: kasha la misiba na magonjwa haliguswi, hata franka moja. La pili: mwenye deni la kasha analipa deni kwanza, ndipo anaandikwa. La tatu: kila juma, mchango wa kawaida unatolewa mbele, na makuta ya safari yanafuata nyuma. Asiyeweza mawili, atoe la kwanza tu; hakuna atakayemwangalia vibaya.

Kwa wafadhili tunasema wazi: safari hii hamkuombwa na hamtaombwa. Mulichotuma kwa ajili ya ada ya shule na dawa kinabaki kwenye ada ya shule na dawa, na daftari liko wazi kwa mweka hazina.

Sasa hesabu. Tumekadiria dola 120 kwa mtu mmoja: bisi kwenda na kurudi, kulala, chakula, kuingia kwenye fasi za kutembelea, na kidogo cha dharura ambacho kitashikwa na kamati. Hiyo ni dola 3 kwa juma, majuma 40. Mwenye kuanza leo anafika. Tumeandika watu 22, na hatutazidisha, juu kuongoza watu 22 katika mji mkubwa ni kazi ya kutosha.

Njia ni hii. Jumatano asubuhi tunavuka Petite Barrière, tunapanda bisi Gisenyi mpaka Kigali, jioni tunachukua bisi ya usiku kupitia Gatuna, Kabale na Mbarara. Alhamisi asubuhi tuko Kampala. Tunalala kule usiku mbili. Jumamosi tunarudi na bisi ya mchana, tunalala Kigali, Jumapili tuko Goma. Kurudi mchana tumekuchagua kwa makusudi: kabla ya kufika Masaka, pale Kayabwe, barabara inakata mstari wa ikweta, na batoto wetu wa shule wataomba picha. Usiku ule wa kwenda tutapita Mbarara, na wengi wetu tunajua ni upande gani barabara ya Nakivale inashika. Mwenye kuona moyo unapanda pale, amwambie jirani yake. Hatutamwacha mtu alie peke yake gizani.

Katika mji tumechagua fasi tatu tu. Kuna nyingi zaidi, lakini tukikimbia kumi tutarudi na vumbi tu.

Ya kwanza, Alhamisi mchana baada ya kupumzika, ni kilima cha Old Kampala. Pale ndipo kapiteni Lugard wa Waingereza alijenga ngome yake mwaka 1890. Leo pale juu kuna Msikiti wa Taifa, uliokaa miaka mingi haujaisha tangu wakati wa Idi Amin, ukamalizika kwa makuta ya Libya na kufunguliwa mwaka 2007. Mnara wake una ngazi zaidi ya 300. Wenye magoti ya zamani watatungojea chini, hakuna maneno. Wenye kupanda wataona mji wote mara moja: Namirembe na kanisa la Waanglikana lililomalizika mwaka 1919, Rubaga na kanisa kubwa la Wakatoliki, Mengo ya Kabaka, na mbali kidogo Kasubi. Mtu akiona vilima vile kutoka juu, kesho yake anajua anatembea wapi. Ndiyo maana tunaanza pale.

Ya pili, Ijumaa asubuhi, ni Mengo, makao ya Kabaka wa Buganda. Tarehe 24 Mei 1966 askari wa serikali ya Obote walishambulia jumba lile. Kabaka Mutesa II, ambaye alikuwa pia rais wa kwanza wa Uganda, alitoroka, akafika Uingereza. Alikufa London mwaka 1969, kule ukimbizini. Ndani ya uwanja ule kuna pia vyumba vya chini ambamo watu waliteswa na kuuawa wakati wa Amin. Wageni hupelekwa kuviona. Sisi tunasema: hakuna kulazimisha. Katika sisi kuna walioona mambo ambayo hayahitaji kuonyeshwa mara ya pili. Mwenye kutaka kubaki chini ya mti atabaki, na mmoja wa kamati atabaki naye.

Saa sita ndugu zetu Waislamu watakwenda kuswali Ijumaa, wengine watapanda Namirembe au Rubaga kwa miguu. Mchana tunakutana kwa safari ya tatu: Kasubi.

Mzee wetu, hili ndilo kaburi uliloliuliza. Tuvumilie kidogo tukueleze.

Kasubi ilikuwa jumba la Kabaka Mutesa I, lililojengwa mwaka 1882. Alipokufa mwaka 1884 alizikwa humo humo, na baadaye wengine watatu waliomfuata wakazikwa naye: Mwanga, Daudi Chwa, na yule Mutesa II. Nyumba yenyewe inaitwa Muzibu Azaala Mpanga. Ni nyumba ya duara, kubwa sana, ya miti na matete, na paa la majani linaloshuka karibu na udongo. Ndani ya paa kuna pete 52, kwa hesabu ya koo za Buganda. Na kazi zimegawanywa kwa koo: kuezeka ni kazi ya ukoo wa Ngeye, kupamba ni ya ukoo wa Ngo. Mtu hajitwalii kazi ya mwenzake.

Mwaka 2001 UNESCO iliiandika kuwa urithi wa dunia. Usiku wa tarehe 16 Machi 2010 ikaungua yote. Watu walilia kama wamefiwa. Kisha wakaanza tena: miti, matete, pete moja moja, wazee wakiwafundisha vijana kuezeka juu wenye kujua walikuwa wamebaki wachache. Ilichukua zaidi ya miaka kumi. Mwaka 2023 UNESCO iliiondoa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini.

Sisi watu wa Goma hatuhitaji kuelezwa kitu kama hicho. Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji, tukajenga juu ya mawe yake. Mei 2021 ilishuka tena upande wetu huu, tukakimbilia Sake, Gisenyi, Bukavu, tukarudi tukahesabu nani hana nyumba. Lakini tunajenga kila mtu na mbao zake, kila mtu na mabati yake. Pale Kasubi kuna watu waliojenga nyumba moja wote pamoja, kila ukoo na kazi yake, kwa miaka, bila kuchoka. Tunataka kuona namna walivyofanya. Shirika lenye watu wa ujenzi, wa mbao, wa kushona na wa kupika lina cha kujifunza mule.

Na kuna jambo lingine, tulilijua tulipokuwa tunapanga, hatukulitafuta. Mutesa II alikufa mkimbizi. Mwaka 1971 maiti yake ilirudishwa nyumbani, akazikwa Kasubi na baba zake. Mtu mwenye jumba, mwenye askari, mwenye taifa, naye alikimbia na nguo zake tu, naye alirudi, lakini amekufa. Sisi tulirudi wazima. Tulirudi bila kitu, wengine tulikuta mashamba yana wenyewe wapya, lakini tuko hapa, tunagombana juu ya dola 3. Yule mama wa parking aliposikia habari hiyo alisema: «Basi nitaenda kumusalimia. Tulikuwaka wamoja.»

Sasa mambo ya vitendo, tafadhali musikilize vizuri.

Hati. Jeto na karata ya CEPGL zimetuzoeza vibaya. Zinatusaidia Rwanda na Burundi, kwani CEPGL ni ya nchi tatu tu. Uganda haimo. Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika ya Mashariki mwaka 2022, na mambo mengi yamelegea, lakini tunamtaka kila mtu awe na pasipoti iliyo hai. Tunajua pasipoti ni makuta mengi, na hayamo ndani ya zile dola 120. Kwa hiyo safari ya kwanza ni ya watu 22 na si ya shirika zima. Usimpe mtu wa barabarani makuta eti akutengenezee haraka.

Mwenye bado ana karata ya ukimbizi ya Uganda asiibebe kama hati ya kusafiria. Aje aongee na kamati kwa siri. Tutamsaidia ajue namna ya kufunga mambo yake kwa njia halali, asipate shida mpakani wala asiwatie wengine shidani.

Karata ya chanjo ya homa ya manjano ni lazima. Mwenye ya zamani asilipe mara ya pili: chanjo ile ni ya maisha.

Bei. Sehemu nyingi za Uganda zina bei ya mwenyeji, ya mtu wa Afrika ya Mashariki, na ya mgeni wa mbali. Onyesha hati yako, uliza bei yako, usilipe ya Muzungu. Kasubi tutapiga simu kwanza tujue kama wageni wanaingia mpaka ndani. Kama hapana, tutaangalia kutoka uani, haitaharibu kitu.

Mavazi. Kasubi na msikitini unavua viatu. Mama zetu, kikwembe na kitambaa cha kichwa vinatosha; kwa hilo hamna shida kamwe. Vijana, suruali fupi zibaki Majengo.

Barabara. Kule magari yanapita mkono wa kushoto. Ukitaka kuvuka, angalia kuume kwanza. Mazoea yetu ya Goma yanaweza kuua mtu kule. Tena saa ya Kampala iko mbele ya yetu saa moja, kwa hiyo mwenye kuweka saa yake vibaya ataachwa na bisi.

Lugha. Kiswahili chetu wengi watakisikia, lakini si wote. Mtu akikusaidia mwambie webale. Mwanaume muite ssebo, mwanamke nnyabo. Maneno matatu hayo yanafungua mlango.

Soko. Tunajua munachongojea. Ijumaa jioni kuna masaa mawili ya Owino, si zaidi. Kila mtu mzigo mmoja anaoubeba mwenyewe. Hii si safari ya biashara, na kwenye mpaka hatutalipia mtu vitu vyake.

La mwisho ni usalama. Juma moja kabla ya kuondoka kamati itauliza hali ya mipaka, ya barabara na ya magonjwa. Kukiwa na neno baya, tunaahirisha, na makuta ya kila mtu yanabaki kwa jina lake kwenye daftari. Tumekimbia mara nyingi, hatutaki kukimbia tena kwa sababu ya matembezi.

Mzee wetu, tunarudi kwako. Mtoto wa jirani hatukumsahau. Mchango wake unatoka kwanza kila juma, umeona. Na tunakuomba neno moja: fasi moja kati ya zile 22 iko na jina lako. Vijana wamesema watagawana nauli yako wao wenyewe, nje ya kasha. Ukikataa tutaelewa. Ukikubali, leta picha za pasipoti Jumamosi.

Sasa maswali.