KITANDA CHA HOSPITALI KINA KABILA!



Wewe unayesoma hapo kijiweni, nina swali. Koo likikuuma leo, utakwenda kwa daktari au utasukutua maji ya chumvi ungojee lipoe lenyewe? Jibu unalo. Na jibu hilo limetoka mfukoni, siyo kichwani.

Twende New Zealand, nchi tajiri. Kule bado kuna maradhi yaitwayo homa ya rumatiki. Huanza na mafindofindo ya kawaida tu. Mtoto asipotibiwa, wiki mbili tatu baadaye kinga ya mwili wake inamgeukia, inashambulia viungo na moyo. Valvu, ile milango ya moyo, zinaharibika. Penisilini ya siku 10, dawa ya bei ndogo kabisa, ingemaliza mambo mapema.

Sasa sikiliza nani analazwa. Wamaori, wenyeji wa asili wa nchi ile, na watu wenye asili ya visiwa vya Pasifiki, kwa pamoja hawafiki theluthi moja ya wananchi. Lakini katika kila wagonjwa wapya 10, zaidi ya 9 ni wao, wengi wakiwa watoto na vijana. Kwa mtoto wa Kizungu ni maradhi ya nadra.

Utaambiwa ni damu yao. Tusidanganyane! Hao ndio wanaobanana katika nyumba zenye baridi na unyevu kusini mwa Auckland. Koo la mmoja likiugua, chumba kizima kinaambukizwa.

Mwaka 2011 serikali ilianzisha mpango, wauguzi wakaenda shuleni kupima makoo. Mwaka 2012 ikaahidi kupunguza maradhi hayo kwa theluthi mbili ifikapo 2017. Ahadi haikutimia. Kupima koo ni kuzuri, lakini hakupanui chumba. Mwaka 2015 watoto chini ya miaka 13 walianza kumwona daktari bure, na mwaka 2018 ikawa chini ya 14. Akishatimiza 14, kwa kawaida analipa. Kwani siku hiyo moyo umekuwa wa chuma?

Usiwacheke. Maradhi haya yapo hapa hapa Afrika Mashariki, na wengi wetu tunafika hospitali kubwa valvu zikiwa zimekwisha. Hapo ni upasuaji wa mamilioni, kwa kosa la kukosa vidonge.

Kwa hiyo kigogo akija kukata utepe wa wodi mpya, mpigie makofi. Halafu nyosha mkono umuulize: penisilini ipo kwenye zahanati ya mtaa wetu? Asiye na hela anaipataje? Vyumba hivi tunavyolala watu sita, mna mpango gani navyo?

Na usiku wa leo, mdogo wako akilalamika koo na mwili unachemka, usimwambie avumilie. Asubuhi mpeleke, na dozi aimalize.

Kitanda kile kinaweza kubaki kitupu. Tudai kibaki kitupu.