Swali Kwanza, Njia Baadaye
(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Tumeombwa kueleza jinsi mwuguzi awezavyo kuchagua njia ya kuchunguza jambo alionalo wodini, na jinsi ya kuchagua watu atakaowachunguza. Huenda makarani walio hapa wakasema kuwa neno hili haliwahusu. Lawahusu sana, maana uchunguzi mwingi huanza katika daftari, na daftari limo mikononi mwao.

Na tuanze kwa kosa letu wenyewe. Katika hospitali moja ambayo hatutaitaja, tulitaka kujua kwa nini wagonjwa wa shinikizo la damu hawarudi kliniki siku waliyoandikiwa. Tukaketi mlangoni tangu asubuhi, tukawauliza wote waliofika, nao wakatujibu kwa adabu kwamba hawana taabu yo yote. Tukaandika ripoti ndefu. Karani wa rejesta alipoisoma akauliza, "Je, hawa si ndio waliorudi?" Tukanyamaza. Wale tuliowatafuta walikuwa majumbani mwao.

Basi swali ndilo litangulie, njia ifuate. Mwuguzi akiuliza, "Ni wagonjwa wangapi wenye vidonda vya kulala kitandani?" hilo ni swali la kuhesabu. Kama wodi ni nyingi, atwae orodha ya wote, apige kura kupata namba ya kuanzia, kisha achukue kila wa tano. Walakini aangalie mpango wa siku: mwenye kuchukua kila siku ya saba atapata Jumatatu tupu, na pengine Jumatatu ni siku ya soko. Akiuliza "kwa nini", hesabu haitamfaa. Azungumze na watu wachache aliowachagua kwa makusudi, mzee na kijana, wa karibu na wa mbali, aendelee hata asisikie neno jipya. Na akitaka kujua asili ya ugonjwa uliokwisha kuwapo, awalinganishe wenye ugonjwa na wasio nao. Ndivyo walivyofanya Doll na Hill huko London: taarifa yao ya mwaka 1950 ilihusu wagonjwa 709 wa saratani ya mapafu na wengine 709 wasio nayo, na tumbaku ikaonekana. Nani angethubutu kupiga kura ya kuwavutisha watu sigara?

Lakini liko swali lililo gumu kuliko hayo: "Je, tiba hii yafaa kuliko ile?" Hapa macho hudanganya, tena macho ya wazoefu. Mtoto mwenye homa kali akiletwa na mikono ya baridi, mafundisho mengi yaliagiza apewe maji mengi ya mshipa kwa haraka. Nao waliopewa walionekana kupata nafuu mapema. Wachunguzi wa FEAST, katika hospitali 6 za Kenya, Uganda na Tanzania, wakawagawa watoto 3,141 kwa kura: wengine wapewe maji hayo ya haraka, ya namna mbili, na wengine wasipewe. Katika saa 48 walikufa 10.6 na 10.5 kwa kila mia katika makundi mawili yaliyopewa, na 7.3 kwa kila mia katika kundi lisilopewa. Kazi ilisimamishwa kabla ya wakati wake, na matokeo yakatolewa mwaka 2011.

Watoto watatu katika mia! Hakuna mwuguzi wa zamu awezaye kuiona tofauti hiyo kwa jicho. Na kama tungaliwachagua wenyewe, walio hoi ndio wangalipewa maji, nasi tungalisema wamekufa kwa kuwa walikuwa hoi. Kura ilituondolea udhuru huo. Ndiyo sababu anayempokea mgonjwa hapaswi kujua bahasha ifuatayo ina neno gani. Huruma yake yenyewe ingeharibu kazi. Tena kura haipigwi ila pale ambapo kwa kweli haijulikani lipi lililo bora, wala si kwa amri ya mwuguzi peke yake: kamati ya maadili hupima kwanza, na mgonjwa au mzazi huombwa ruhusa.

Sasa turudi kwa karani yule. Tulimwendea tukamwomba majina ya wasiorudi kliniki. Akatufungulia rejesta kwa moyo mwema. Majina yalikuwamo, na tarehe zilikuwamo, lakini kwa wengi kijiji hakikuandikwa, na wanne walikuwa na jina moja wasiweze kupambanuliwa. Tulikaa hapo mpaka jioni. Kwa hiyo ombi letu kwa makarani ni hili: mwandikeni mgonjwa kwa majina yake matatu, na kijiji chake, na jina la jumbe au mwenyekiti wake, hata kama foleni ni ndefu. Nao wauguzi wenye maswali ya wodi zao, tutawangoja chumba cha pili baada ya chai.